Jani la Mzabibu Ukutani

Glykon alirudi na magari ya ng'ombe yaliyobeba nguzo za jukwaa jipya. Mgongo umemkaza, lakini hata vumbi la machimboni hakunawa. Akapitia kwanza uwanja wa maonyesho.

Uwanja ule ulikuwa wake kuliko nyumba aliyolala. Babu yake aliuchonga ubavuni mwa kilima, watu wakae wakilitazama bonde. Baba yake akaja kuweka safu za mbele kwa marumaru, na viti vya makuhani vyenye miguu ya simba. Kila jiwe alilipiga alama ya nyumba yao, jani la mzabibu. Kielelezo cha shaba cha kuchorea alama hiyo kilifungiwa sandukuni mwa marehemu mke wa Glykon. Ufunguo alikuwa nao binti yao Tatias, na hakuna mwingine. Mke huyo alikuwa kuhani wa mungu wa kike Demetra. Kila sikukuu aliketi kiti cha katikati.

Kisha tajiri Zelos akataka kumfurahisha Kaisari kwa mapigano ya wanyama. Safu za mbele zing'olewe, ukajengwe ukuta, dubu asije akawarukia watazamaji. Glykon alikataa katakata. Papias, mkwewe, mume wa Tatias, ambaye Glykon alimfundisha kazi tangu kushika tindo, aliweka kiganja juu ya madhabahu ya mungu Dioniso pale katikati ya uwanja, akaapa: "Baba, safu zile ziking'olewa, mkono huu na ukauke." Kisha akamsihi aende machimboni. Nguzo zinakuja na nyufa, alisema, zinahitaji jicho lake.

Sasa pale chini palikuwa shimo la mchanga. Madhabahu hayapo. Ukuta umezunguka, mrefu kuliko mtu, na palipokuwa na kiti cha mkewe pana mlango wa kutolea dubu.

"Karibu, mzee!" mwashi mmoja alipiga kelele. "Ungekawia, dubu wangekula bila wewe!"

Wenzake wakacheka, kisha wakainamia kazi upesi. Papias alikuwa anashuka.

"Baba. Umerudi mapema."

"Mapema kwa nani?"

"Keti kwanza, unywe maji."

"Niketi wapi? Umenibakizia kiti?"

Glykon alipapasa ukuta. Kidole kikakutana na jani la mzabibu. Moyo ukamruka: mawe ya baba! Lakini kingo zilikuwa kali, vumbi jeupe bado limo ndani; jani lilichongwa juzi tu. Jiwe la pili, jani. La tatu, jani.

"Zelos alisema bila alama ya nyumba yako baraza la mji halitaipokea kazi," Papias alisema haraka. "Na mimi si mtu wa nje, Baba. Wanangu ni wajukuu zako."

"Sandukuni uliingiaje?"

Papias akautazama mchanga.

"Ulivunja kufuli?"

"Sikuvunja. Alinifungulia mwenyewe."

Glykon hakutukana. Alichukua nyundo na tindo mikononi mwa yule mwashi wa mzaha, akapiga magoti, akaanza kulikwangua jani la kwanza.

"Baba, yako mengi! Utayamaliza lini?"

Sauti ya chuma ilipanda hadi safu za juu kabisa. Hivyo ndivyo babu alivyoujenga uwanja, hata sauti ndogo ya chini isipotee njiani.

Jua lilipoinama Tatias alikuja na mkate na zeituni, akasimama nyuma yake.

"Baba, hujala."

"Weka pale mlangoni," alisema bila kugeuka. "Dubu wataona njaa."

Akasogelea jiwe la pili.