Jicho la Rejea

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Emelyne alimwamkia babu yake kwa shikamoo mlangoni mwa ukumbi wa mkutano mjini Mpanda, na babu yake akampita kama mtu aliyepishana na nguzo. Emelyne hakuona ajabu. Mzee Salvatori alikuwa ameteua tumbaku sokoni, akiupa kila mtumba, yaani furushi la majani, daraja lake, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakupata kumsalimu mwenye mtumba kabla mtumba huo haujapewa daraja. Salamu, alikuwa akisema, ndiyo mwanzo wa upendeleo. Hata mkewe, marehemu Prisila, alipofikisha sokoni tumbaku ya shamba lao la Litapunga, alipanga foleni, akapewa daraja la tatu, akasalimiwa jioni nyumbani.

Siku hiyo mwenye mtumba alikuwa Emelyne. Kituo cha utafiti kilichomwajiri kilikuwa kimewaita wakulima, maofisa ugani na walimu wa sayansi ili wapange ni vipimo gani vinavyotumia mwanga vifanyiwe utafiti kwanza mkoani kwa miaka mitano ijayo. Mapendekezo yalikuwa matano: unyevu wa mahindi, sumukuvu katika karanga, tope katika maji ya mito, moshi wa moto wa msituni, na rangi ya jani la tumbaku. Mawili ya kwanza yangefanyiwa kazi. Mengine yangebaki kwenye makaratasi. La tumbaku lilikuwa la Emelyne. Alikuwa ametumia miaka miwili kuunda kisanduku kinachomulika jani na kuisoma rangi yake, na likikosa nafasi, yeye naye angekosa kazi.

Mwenyekiti, Daktari Luhende, alitaka chombo kijaribiwe mbele ya watu. Kisanduku kingepewa vifungu thelathini vya majani, kiseme kipi ni cha rangi ya limau na kipi ni cha rangi ya chungwa, kisha majibu yalinganishwe na ya mteuzi anayeaminika. Juu ya nani awe mteuzi hapakuwa na ubishi. Hata Nyanda, mkulima wa Sibwesa ambaye hakuna ofisi mkoani asiyopata kubishana nayo, alinyosha mkono kuafiki.

Mzee Salvatori akaketi penye mwanga wa dirisha, akafumba jicho la kushoto, akaweka lenzi yake ya mkono kwenye jicho la kulia kama alivyozoea. Alitaja rangi moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya mahudhurio, naye Happiness, mwalimu wa fizikia kutoka Kabungu, akaziandika kwenye fomu. Kisha kisanduku nacho kikataja zake.

Walikubaliana mara kumi na saba. Mara kumi na tatu walitofautiana.

Daktari Luhende alisema kwa masikitiko kwamba chombo cha namna hiyo hakiwezi kupewa kipaumbele, akachukua kalamu ya ubaoni aandike tumbaku nafasi ya tano. Emelyne alikitazama kisanduku chake kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyejikojolea kanisani.

"Mimi nilijua," alisema Nyanda. "Kitu hakijawahi hata kuvuta sigara, kitaijuaje tumbaku?"

Watu wakacheka. Mzee Salvatori hakucheka. Alikuwa amesomeshwa na mapadri waliompa sifuri mtoto aliyepata jibu bila kuonyesha njia, kwa hiyo akaiomba fomu. Aliisoma kwanza kwa haraka, kisha taratibu. Mara zote kumi na tatu kisanduku kilisema limau na yeye akasema chungwa. Haikutokea hata mara moja kinyume chake. Alikuwa amewafundisha wateuzi wengi wachanga, na alijua kwamba asiyejua kazi hukosea huku na huku. Kosa linaloegemea upande mmoja lina mwenyewe.

Akalifumba jicho la kulia, akaitazama karatasi. Ilikuwa nyeupe. Akalifumba la kushoto. Karatasi ikawa kama imesuuzwa kwa chai.

Hapo akakumbuka kitambaa cha altare. Tangu Pasaka alikuwa akikiona na rangi hiyo hiyo, na mbele ya baraza zima la parokia alikuwa amemkaripia Vestina, mama anayekifua, kwamba anabania sabuni.

Akinyamaza, jina lake litabaki palepale na kazi ya Emelyne itakwisha. Akisema, ukumbi mzima utaona babu anambeba mjukuu wake, jambo alilolikwepa miaka thelathini na mmoja hata kwa gharama ya salamu.

"Mwenyekiti," alisema, "kabla hujaandika, naomba nipimwe mimi."

Daktari Luhende alimjibu kwa heshima kwamba hakuna haja hiyo.

"Mmekipima chombo kwa jicho langu. Jicho lenyewe mlilipima kwa kitu gani?"

Mzee akataka vifungu vichanganywe upya na namba zibadilishwe, na kazi hiyo apewe Nyanda, kwa kuwa hamwamini mtu. Nyanda alivichanganya kwa moyo wote, mgongo ameupa ukumbi. Safari hii Mzee Salvatori aliiweka lenzi kwenye jicho la kushoto, kisha kisanduku kikataja zake upya.

Walikubaliana mara ishirini na nane. Viwili vilivyobaki, Mzee alisisitiza, ni makosa ya kisanduku na yaandikwe hivyo. Kisha akaeleza habari ya jicho la kulia bila kuiremba.

Nyanda alikuwa amesimama. "Mzee, mtumba wangu wa msimu uliopita, ule ulioupa chungwa bei ikashuka."

"Huenda ulikuwa limau. Andika malalamiko."

"Niliandika. Wewe ndiye uliyeyakataa."

"Yaandike tena. Nitayatia sahihi, na wala sitakaa tena kwenye kiti cha kuamua rufaa ya mtu."

Akapendekeza kwamba nafasi ya kwanza isipewe chombo chochote, bali utafiti wa rangi za rejea, vibao visivyozeeka, ambavyo kila chombo na kila jicho litapimwa navyo kabla ya msimu. Wa mahindi walinung'unika, lakini pendekezo likapita. Tumbaku ikapata nafasi ya pili kwa mikono ishirini na sita. Mzee Salvatori hakunyosha wake. Happiness alipouliza kipengele cha kwanza akiandikeje, aliambiwa aandike "Jicho la rejea," maana ndilo lililosababisha.

Mkutano ulifungwa saa kumi. Emelyne alikuwa nje akikifunga kisanduku kwa kamba nyuma ya pikipiki, alipomwona babu yake amesimama kando yake, kofia mkononi.

"Marahaba," alisema Mzee.

"Asante, Sogokuru," alisema Emelyne, akimwita babu kwa lugha ya nyumbani.

"Sasa nipeleke kwa Vestina. Hospitali tutakwenda kesho."