Nusu Mzunguko wa Skrubu

Mwaka wa 1964, mzungu wa shamba letu kule Likuyani alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Alikuwa na kijindege cha mbao chenye injini ndogo ya kuenea kiganjani, na jioni alitufundisha wawili kukirusha: mimi, dereva wa trekta, na Kiprop, mkamuaji wa ng'ombe. Ulisimama katikati ya malisho umeshika nyaya mbili zilizofungwa kwenye kijindege, nacho kikakuzunguka kikilia. Hadi leo nikinusa dawa ya etha hospitalini, nakumbuka mafuta ya injini ile yaliyonukia vivyo hivyo, na moyo unaniruka. Sijapata tena siku tamu kama zile.

Shida ilikuwa Kiprop. Injini iliwashwa kwa kupiga pangaboi, lile panga la mbele linalozunguka, kwa kidole, na vidole vyake vya kukamua vilipiga mara moja tu, ikawaka. Mimi nilipiga hadi shati likalowa, naye akacheka. Nilimchukia.

“Jumamosi, atakayeiwasha kwanza ataichukua,” mzungu alisema.

Juu ya injini kulikuwa na skrubu. Ukiikaza kupita kiasi, pangaboi hurudi nyuma kwa nguvu. Jumamosi, Kiprop alipokwenda kunawa mikono, niliikaza nusu mzunguko. Akarudi akipiga mluzi, akapiga pangaboi. Kidole cha shahada kilibaki kinaning'inia kwa ngozi.

Zamu yangu ilipofika sikuthubutu kukigusa kile chuma. Mzungu, mwenye haraka ya safari, alinitupia injini akaenda zake. Kiprop hakuweza kukamua tena. Wenyeji walioligawana shamba baada ya mzungu kuondoka walimfukuza wiki ya kwanza, akaishia kufanya vibarua vya kulima.

Mwaka mzima nilipiga pangaboi kwa kijiti, injini isiwake. Skrubu sikuigusa, maana nilikuwa nimesahau niliikaza kiasi gani. Mwishowe nikajikaza, nikaipeleka injini kwa Kiprop. Mkewe, Chemutai, alinipa chai. Kiprop aliigeuza injini kwa mkono wa kushoto, kisha akanirudishia.

“Rudisha nyuma nusu,” alisema. “Ile nusu uliongeza wewe nikienda kunawa.”

“Ulijua?”

“Nilijua tu siku ile ile. Maliza chai yako, uende.”

Sikuimaliza. Wala sikuomba msamaha. Nilikimbia hadi nyumbani, nikailegeza skrubu nusu mzunguko, nikapiga. Ikawaka mara moja, na nikacheka peke yangu uani kwa furaha.