Mifuko ya Chini

Mama Saruji aliinama kwenye rundo la saruji stoo, akabonyeza pembe za mifuko kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Kila alipobonyeza wa chini, kidole kiligonga ugumu.

"Hii ya juu safi," alisema fundi aliyekuja kuchukua mifuko yote themanini. "Lakini huku chini, mama, umeniwekea mawe."

Miezi minane nyuma redio ilitangaza kwamba saruji ingepanda bei. Mama Saruji akachukua mafao yote ya marehemu mumewe, akanunua mifuko mia mbili, akajiona mjanja kuliko soko zima. Ili ienee katika stoo ya kupanga, alitoa chaga za mbao akailaza sakafuni. Mzigo mpya ukija, unawekwa juu. Mteja akija, anauziwa wa juu. Nani avunje mgongo kufukua wa chini? Bei ilipanda kidogo, ikashuka. Kodi ya stoo ilimtoka kila mwezi, na mlinzi, na turubai, huku unyevu wa sakafu ukifanya kazi yake bila kudai mshahara.

"Mzigo umelala, na wewe ukalala nao," fundi alimtania. Alipoona hacheki, aligeukia mifuko mizima. Akabeba mifuko ishirini na miwili, akalipa, akaenda zake.

Pesa ile ilikuwa ya kodi. Mwenye stoo alishasema: ikifika saa kumi hajalipwa, anafunga. Kabla Mama Saruji hajaikunja vizuri, afisa wa ushuru akaingia na kitabu chake. Alihesabu kwa ncha ya kalamu mpaka mifuko ya ukutani.

"Hamsini na minane."

"Bosi wangu, hiyo imeganda. Bonyeza mwenyewe uone."

"Mimi sibonyezi, mama. Nahesabu. Mfuko umeandikwa saruji, ni saruji."

"Mimi mjane, baba. Nikikupa hii, nafungiwa leo leo."

"Hapa nina fomu ya ushuru tu. Ya ujane sina."

Alimlipa. Zilibaki noti mbili. Afisa akagonga muhuri kwenye risiti, akapuliza wino ukauke.

Saa kumi mwenye stoo alifika na kufuli jipya. Aliziangalia zile noti mbili, hakuzipokea. Akabonyeza mfuko, akasonya.

"Nilidhani nitashika saruji hii badala ya kodi yangu. Kumbe mawe! Yatoe yote, nifunge."

Mama Saruji alikamata mfuko mmoja masikioni, akauburuta, akapumzika, akauburuta tena, mpaka akauangusha katikati ya mlango. Mwenye stoo alivuta mlango, ukagota.

"We mama, toa jiwe lako!"

"Jiwe?" Alimnyooshea risiti. "Soma. Saruji, mifuko hamsini na minane, na muhuri wa serikali. Mawe hayatozwi ushuru. Kama ni mawe, nenda kwa afisa wa ushuru ukanirudishie pesa yangu. Kama ni saruji, kodi yako hiyo hapo, chukua."

Mwenye stoo aliwaita makuli wawili waliokuwa wakipita. Waliutikisa ule mfuko kwa mguu, wakaangalia mingine iliyojaa ndani.

"Mzee, ni mingi hii. Nani analipa?"

Mwenye stoo akageuza kufuli lake mkononi. Mama Saruji akaketi juu ya mfuko wake, risiti imekunjika mkononi, akalia kwa sauti mbele ya soko zima, wala hakusogea.