Alama Kati ya Vidole

Wiki ya nane tangu kifaranga aletwe mtaa wa Mbotela, jijini, kilemba chake kilianza kuwa chekundu, na Lorine akaanza kukosa hamu ya chakula.

Angekuwa kifaranga wa kununua, asingejali. Huyu alitoka mikononi mwa mama mkwe wake, Nalianya, kule Bungoma, siku Lorine na Wasike walipokwenda kumwamkia baada ya harusi. Mama alimtia kwenye katoni yenye matundu, akaifunga kamba ya katani, akatangaza mbele ya mawifi wote: "Huyu ni jike. Mke wa Wasike aanze boma lake na huyu." Kuku wa namna hiyo haliwi wala hauzwi. Hutaga, huatamia, na vifaranga wake ndio bi harusi huonyesha wageni akiulizwa amepata nini kwa mumewe.

Lakini Mbotela si Bungoma. Watu wa safu yao ya nyumba walikuwa wamekubaliana: majike ruksa, jogoo marufuku. Mlinzi wa neno hilo alikuwa Gichuru wa nyumba ya nne, ambaye alifanya kazi usiku kiwandani Industrial Area na kuupata usingizi wake alfajiri, wenzake wakiamka. Jogoo mmoja akiwika, aliapa, vizimba vyote vingeng'olewa. Vyote, pamoja na cha Wangu, jirani wa ukuta mmoja na Lorine, ambaye mayai ya kuku wake saba ndiyo yaliyomvalisha binti yake Kate sare ya shule.

Kwa hiyo Wangu alikuja Jumatano kukagua. Aliinama juu ya kizimba, mikono kiunoni.

"Lorine wangu, sitaki kukuumiza roho, lakini huyo ni jogoo. Ona hicho kilemba! Amejipaka lipstiki hata hajabaleghe."

"Mama alisema ni jike, Mama Kate."

"Mama alimwona akiwa wa wiki mbili. Wa wiki mbili hata mimi nilikuwa mrembo." Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi sina kazi nyingine, Lorine. Nina hao saba tu."

Alipoondoka, Lorine alijaribu kila alichowahi kusikia. Alimshika kifaranga miguu, akamning'iniza kichwa chini, maana inasemwa jike hukunja shingo akitaka kuinuka, na dume hulegea kama soksi kwenye kamba. Huyu alikunja shingo, akalegea, kisha akamnyea kwenye kandambili. Alivua pete yake ya ndoa, akaitundika kwenye uzi juu ya mgongo wa kuku: ikizunguka ni jike, ikienda mbele na nyuma ni dume. Pete ilizunguka, ikasita, ikaenda mbele na nyuma. Lorine alipotazama vizuri, aliona ni mkono wake mwenyewe uliokuwa ukiisukuma.

Alhamisi asubuhi kifaranga alinyoosha shingo, akatoa sauti nzito, iliyokwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Mlango wa nyumba ya nne ukafunguliwa papo hapo.

"Shemeji," Gichuru aliita, macho mekundu, fulana imegeuzwa ndani nje. "Hiyo ni nini?"

"Amekabwa na ugali."

"Mwambie atafune. Mimi sirudii."

Jioni hiyo Mama alipiga simu. Angefika Jumamosi, na jambo la kwanza alilouliza, kabla hata ya kumuulizia mwanawe, lilikuwa hili: "Mtoto wangu wa katoni anaendeleaje?"

"Ni mkubwa, Mama," Lorine alijibu.

"Mwambie tu ukweli," Wasike alimshauri simu ilipokatika.

"Nimwambie alikosea mbele ya dada zako wote? Mimi, niliyeolewa juzi?"

Wasike alitoka nje kumtazama kuku.

Ijumaa Lorine alimtia kuku kwenye kikapu, akaenda kwa Triza, muuza kuku wa karibu na Jogoo Road. Katika tenga lake moja alikuwamo kuku wa madoadoa meusi na meupe kama wa Mama, wa rika lile lile, mwenye kilemba kidogo kilichopauka.

"Jike kabisa," Triza alisema. "Tubadilishane, dada. Wako akikua nitamuuza kama jogoo." Alitoa wazo hilo haraka mno, lakini Lorine hakuwa na moyo wa kulipima hilo. Walibadilishana, akarudi nyumbani akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza wiki nzima. Hata ugali ulishuka kooni.

Jumamosi Mama aliweka mzigo wake mlangoni, akakataa chai, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Alimtoa kuku kizimbani bila kumtazama usoni. Vidole vyake vilishuka mguu wa kushoto, vikatanua vidole vya kuku, vikapapasa utando ulio kati yake. Vikasimama.

"Huyu si wangu."

Lorine aliinama, akautazama mguu huo.

"Kwetu kuku wa maboma matatu hula pamoja," Mama alisema polepole. "Kifaranga akianguliwa, namwekea alama yangu: namkata utando kidogo kwa wembe, kati ya kidole cha kati na cha nje. Hajakatwa huyu. Kuku wangu yuko wapi?"

Lorine alisema yote, macho chini: kilemba, sauti, Gichuru, Triza. Wangu alisikiliza kutoka mlangoni kwake, kanga mdomoni.

"Ulimtazama kichwani tu," Mama alisema. "Majike wa mbegu yangu huwahi kuvaa wekundu, na sauti zao ni za walevi. Tazama huku." Alimgeuza kuku wa Triza, akapuliza manyoya karibu na mkia. Machipukizi yalikuwa membamba, yenye ncha kali, yaking'aa. "Manyoya ya jike huishia mviringo. Huyu wako mwezi ujao angeamsha kiwanda kizima."

"Yesu," Wangu alinong'ona.

Walikwenda kwa Triza karibu wakikimbia, kuku wake wakiwa naye kikapuni. Triza alikuwa akifunga kuku miguu. Mteja wa Donholm, aliyesimama kando, alikuwa ameagiza kumi. Watatu wa madoadoa walikuwa tayari wamelazwa kwenye gunia, na wengine wanne walikuwa tengani.

"Mama, nisaidie," Lorine alisema.

"Mimi ninamjua. Mtafute wewe."

Alipiga magoti kwenye vumbi. Wa kwanza, utando mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu alimdonoa mpaka damu ikatoka. Alimaliza tenga zima bila kitu, akageukia gunia. Mguu wa kushoto, kidole cha kati, cha nje. Mzima. Tena. Mzima. Mteja alikuwa ameshaushika mdomo wa gunia. Lorine aliingiza mkono kwa yule wa mwisho, na ncha ya kidole chake ikazama kwenye pengo dogo, kama la jino la mtoto.

Alimkumbatia kuku, pamoja na kamba zake.

Mama alimrudishia Triza jogoo wake bila kumsalimia. Njiani alitoa wembe kutoka kwenye fundo la leso, ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akauweka kwenye kiganja cha Lorine.

"Akiangua," alisema, "mimi hukata kushoto. Wewe wako kata kulia."