Kompyuta Iliyogoma Kila Jumatatu

Kila mara kompyuta ya shamba la mkonge ilipogoma, Donald alikuja kutoka Mombasa. Na kila Donald alipokuja, Mwandawiro alishindwa kula.

Mwandawiro alikuwa fundi wa magari hapa Voi, kwenye gereji iliyo kando ya barabara kuu. Shule aliiachia darasa la tano na hakuijutia, maana injini haikuwahi kumwuliza cheti. Aliyesoma ni mkewe, Wakesho. Yeye alikuwa karani wa mishahara kule shambani, na kampuni iliponunua kompyuta mwaka wa themanini na saba, ndiye aliyekabidhiwa. Watu walimpongeza Mwandawiro kama kwamba yeye ndiye aliyepandishwa cheo. Akapokea pongezi vizuri tu, mpaka alipomwona Donald.

Donald alikuwa fundi wa kampuni iliyouza ile mashine. Kijana mweupe wa meno, shati limepigwa pasi hadi mikononi, viatu havijui vumbi. Kwa Mwandawiro, mwanamume asiye na doa la mafuta hata moja hakuwa fundi. Alikuwa mgeni wa wake za watu.

Ugonjwa wa mashine wenyewe ulikuwa huu. Kazi yote ya mishahara ilikaa ndani ya diski, kitu cheusi, chembamba, kama bahasha ndogo. Asubuhi Wakesho aliichomeka, akawasha umeme, na mashine ikanguruma na kufungua kazi yenyewe. Lakini Jumatatu nyingi mashine iliamka ikasimama njiani: kioo cheusi, herufi moja pembeni, na kimstari kinachokonyeza kikingoja amri. Ukiandika amri, inajibu kwamba amri hiyo haiijui. Siku nzima ni hivyo. Basi simu inapigwa Mombasa, na Donald anapanda basi.

"Fundi, mgeni wenu ameshafika," Syombua alimwambia Jumatatu moja. Syombua aliuza chai mkabala na ofisi ya shamba, na habari aliuza pia. "Leo amekuja na korosho. Wanakula wakitengeneza."

"Korosho za nani?"

"Mimi nauza chai, siulizi za nani. Lakini mkono ni mmoja kwenye bakuli, mwingine kwenye bakuli hilo hilo."

Mwandawiro aliacha lori la watu limeinuliwa kwa jeki, akaenda. Aliwakuta wamekaa bega kwa bega mbele ya kioo, vichwa viwili karibu kama watu wanaosoma kitabu kimoja cha nyimbo.

"Hapana, Wakesho, ile ya juu," Donald alikuwa akisema. "Bonyeza tena."

Wakesho! Tangu binti yao azaliwe, Voi nzima ilimwita Mama Mkamburi. Hata meneja, aliyemzidi miaka ishirini, alimwita hivyo. Huyu mtoto wa juzi alilitaja jina lake tupu, na mdomo wake haukuungua.

"Karibu, mzee," Donald alisema alipogeuka.

Mwandawiro alikuwa na miaka thelathini na tisa.

"Nimepita tu," alisema. "Mashine yenu inapenda sana wageni. Mbona haigomi Alhamisi?"

Wakesho alimwangalia kwa jicho la kumwonya. Donald akacheka.

"Hata mimi najiuliza. Diski ndiyo inayoharibika, mashine ni nzima. Na ile ya akiba niliyowaachia imeharibika vilevile. Wakesho, hizi diski zinalala wapi Jumamosi na Jumapili?"

"Nyumbani. Tangu wezi wavunje dirisha hapa, meneja alisema nisiziache."

"Nyumbani mahali gani?"

"Mahali pasafi. Pakavu."

Zaidi ya hapo hakuweza kusema, na mumewe alijua kwa nini. Diski zililala ndani ya spika. Mwandawiro alikuwa na spika kubwa ya mbao, aliyoinunua kwa bendi iliyovunjika, na ubao wake wa nyuma ulifunguka. Humo ndimo nyumba yao ilimoficha kila cha maana: hati ya shamba la Wundanyi, vitambulisho, vyeti vya ubatizo. Hakuna mwizi anayefungua spika inayoimba. Na mahali pa kuficha mali hapatajwi mbele ya mtu wa nje, hata awe daktari.

"Haya. Bora zisikaribiane na sumaku," Donald alisema. "Sumaku inafuta kila kitu."

"Kwetu hakuna sumaku," alijibu Wakesho, na alisema kwa moyo mweupe.

Mwandawiro alihisi masikio yakipata moto. Spika ile aliwahi kuifungua mwenyewe waya ulipokatika. Nyuma ya ile karatasi yake inayotoa sauti palikuwa na duara la chuma lililomnyang'anya bisibisi mkononi. Sumaku ya kunyanyua nyundo! Neno lilimfika kwenye ulimi. Angelisema, Donald asingekanyaga Voi tena.

Lakini kabla hajafungua mdomo, meneja aliingia. Bwana Obadiah hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mama Mkamburi, nimechoka. Mwisho wa mwezi huu watu wakikosa mshahara kwa sababu ya hiki kisanduku, kitarudi Mombasa na sisi tutarudi kwenye kalamu. Na wewe utarudi kwenye taipu kule ghalani."

Mwandawiro akameza neno lake. Kisanduku kurudi Mombasa! Hiyo ilikuwa dawa nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Ukimzuia Donald kwa spika, kesho atakuja kwa sababu nyingine. Mashine ikiondoka, ameondoka na mizizi yake.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, Wakesho alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, Mwandawiro alifungua ubao wa spika. Alizitoa diski zote mbili, akazisugua kwenye ile sumaku mbele na nyuma kama anayenoa panga. Akazirudisha mahali pake, juu ya hati ya shamba. Mchana huo alikula vizuri, akaongeza.

Jumatatu kioo kilibaki cheusi. Wakata mkonge walijaa uani wakingoja mshahara, na kufikia saa saba walikuwa wakimwita Wakesho kwa majina yasiyosemeka mbele ya watoto. Syombua alisema alimwona akilia nyuma ya ghala, ameziba mdomo kwa leso. Mwandawiro alijisikia vibaya kidogo, lakini kama mtu anayeng'olewa jino: linauma, likitoka umepona.

Jioni Wakesho aliingia, akakaa bila kuvua viatu.

"Wamekurudisha kwenye taipu?" Mwandawiro aliuliza kwa sauti ya huruma.

"Hapana. Obadiah alitaka hivyo, wakubwa wa Nairobi wamekataa. Wanasema mashine imenunuliwa, haitarudi. Ila wamechoka kumlipia fundi nauli. Wanataka mimi mwenyewe niwe fundi." Akashusha pumzi. "Naenda kozi Mombasa wiki sita, Baba Mkamburi. Kwenye ofisi ya kina Donald. Yeye ndiye mwalimu."

Wiki ile yote Mwandawiro alitafuta sababu ya kumzuia. Mtoto ana kikohozi. Joto la Mombasa ni baya. Mama yake Wakesho ni mgonjwa. Lakini mama mwenyewe aliteremka kutoka Wundanyi, mzima kama jiwe, kuja kumlea Mkamburi. Asubuhi ya safari, mkoba ukiwa umeshafungwa, ndipo Mwandawiro alipoona limebaki neno moja tu.

"Huna haja ya kwenda. Ni spika. Ndani mna sumaku. Mwambie Obadiah, diski zilale kwingine, mashine haitagoma tena."

Wakesho aliweka mkoba chini. "Umejua lini?"

"Siku ile ofisini."

"Siku ile." Alirudia polepole. "Na Jumatatu nikitukanwa na ua mzima, ulikuwa unajua?"

"Jumapili ya kabla yake nilizisugua mwenyewe. Nilitaka mashine iondoke. Yule kijana akuache."

Alitegemea kelele. Kelele angeziweza. Wakesho aliinua mkoba tena.

"Obadiah sitamwambia. Nikimwambia kozi inakufa, na mimi nimeshailipia kwa machozi."

"Na Donald?"

"Donald alinitaka, mwezi uliopita. Nikamwambia nina mume mwema na asirudie tena, na hakurudia." Alifungua mlango. "Akirudia huko, sijui nitamwambia nini."

Mwandawiro alimfuata mpaka kituoni, akauomba mkoba ambebee. Hakupewa. Basi lilipofika alisimama chini ya dirisha, akalitafuta neno la kusema, na watu wa nyuma wakamwambia asogee, wanataka kupanda.