Risasi ya Kwenye Kisahani

Ting. Kimya kidogo, halafu kra-chak.

Kwa miaka minne nimeamshwa na sauti hizo mbili kutoka jikoni, saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado limelalia milima. Ya kwanza ni risasi moja inayogonga ukingo wa kisahani Dwight anapoiokota. Ya pili ni bastola yake ikikokiwa. Baada ya hapo husikika kahawa ikimiminwa kwenye chupa, kisha mlango, kisha gari la polisi likikohoa uani. Wapo wanawake wanaochukia kuamshwa. Mimi huvuta blanketi mpaka kidevuni, nikijua kwamba mume wangu ameamka mzima, Lettie bado amelala, na saa nzima inayofuata ni yangu peke yangu.

Kisahani kilianza Lettie alipojifunza kusimama kwa kushika meza. Dwight ni polisi wa kaunti, huku kwetu mashariki ya Kentucky, na bastola ya kazi hurudi naye nyumbani. Siku ile nilimwambia kwamba bastola yenye risasi ndani hailali chini ya paa moja na mwanangu. Hakubisha. Tangu hapo, kila jioni akivua koti, anachomoa magazini, kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini, anakoki mara moja, ile risasi iliyokuwa ndani inaruka mkononi mwake, naye anaiweka kwenye kisahani chenye ua la bluu. Bastola tupu inaingia kwenye kisanduku cha chuma juu ya friji. Alfajiri anairudisha ile risasi juu ya wenzake, anakoki, anakwenda. Lettie naye ana sheria yake: kisahani kikiwa mezani, mikono nyuma ya mgongo, na miguu isivuke mkeka wa jikoni. Sasa ana miaka mitano na hajawahi kuivunja, ingawa amewahi kusimama pale kwenye mkeka akituhubiria kuhusu mambo mengine.

Mwezi Septemba nilianza masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, kujifunza mashine za kukatia chuma. Mwalimu wetu, Bwana Bledsoe, alitengeneza mitambo ya machimbo ya makaa kwa miaka thelathini na ana nusu kidole anachokitumia kuonyeshea ubaoni. Alitugawia kila mmoja kalipa, kile kifaa chenye taya mbili kinachopima unene mpaka sehemu za milimita, akatupa kazi ya nyumbani: pimeni vitu kumi, kila kimoja mara tatu.

"Namba ikikuudhi, pima tena," alituambia. "Ukibishana na chuma, chuma kitashinda."

Jumatatu moja ya Novemba nilipima kijiko, kifungo cha koti, ufunguo, sega la Lettie, ukingo wa kikombe. Lettie alishika penseli kama katibu wa mkutano. Nilipofika kitu cha tisa macho yangu yakaangukia kisahani juu ya kabati; nikamrudisha Lettie kwenye mkeka, nikakishusha. Nikaipima ile risasi kwa urefu. Milimita ishirini na saba na nusu. Dwight alikuwa anatoka bafuni na taulo shingoni.

"Nichomolee nyingine kutoka kwenye magazini," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Kazi ya darasani."

"Siku hizi darasani mnapima risasi?"

"Tunapima vitu vya nyumbani. Wewe ndiye uliyezileta nyumbani."

Alinipa nne. Zote zilikuwa ishirini na nane na pointi nne, kama mapacha. Nikaipima tena ile ya kwanza, mara tatu, jinsi tulivyofundishwa.

"Hii yako ya kisahani ni fupi."

"Kwa kiasi gani?"

"Karibu milimita moja."

Alicheka, si kwa ubaya. "Mke wangu. Milimita moja ni nini? Hata ndevu zangu zinakua zaidi ya hapo kwa wiki."

"Hizi nne ziko sawasawa."

"Basi hiyo ilitengenezwa Ijumaa jioni, watu wanatazama saa." Akanibusu utosini na kwenda kutafuta soksi.

Sikumfuata. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kazi, mimi miezi miwili na nusu ya darasa. Lakini nilibaki nimeishika ile risasi kiganjani, nzito kuliko inavyoonekana, nikawaza jambo moja tu. Ndiyo hii inayokaa mbele. Siku akilazimika, Mungu aepushe, ndiyo itakayotoka kwanza.

Kesho yake nilimwendea Bwana Bledsoe kabla ya somo, nikamwonyesha daftari. Aliuliza mume wangu anaikoki mara ngapi risasi ile ile.

"Mara moja kila siku ya kazi."

"Tangu lini?"

"Aprili, walipogawiwa bastola mpya."

Alivua miwani. Akanieleza taratibu, kama anavyotufundisha kuwasha mashine. Kila bastola inapokokiwa, risasi hurushwa mbele kwa nguvu na kichwa chake hugonga chuma. Mara moja si kitu, mara mbili si kitu. Ikirudiwa miezi na miezi, kichwa kinadidimia ndani ya ganda, unywele kwa unywele.

"Baruti ni ile ile, chumba kimekuwa kidogo," alisema. "Unapika maharage kwa sufuria ya presha?"

"Ndiyo."

"Ukiziba pale mvuke unapotokea?"

Mama yangu aliwahi kufanya hivyo, na dari ya jikoni kwake bado ina alama.

"Inaweza kulia salama. Inaweza pia kupasua bastola mkononi mwake, wakati ule ule anapoihitaji. Mwambie hiyo asiipige."

Nilimwambia Dwight usiku ule ule, Lettie alipokwisha kulala. Alisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akasema Bledsoe ni fundi wa mitambo ya makaa, si wa bastola, na kwamba atamuuliza Sajenti Eversole, msimamizi wa silaha kituoni, akipata nafasi.

Nyumbani kwetu "nikipata nafasi" ni makaburi. Mfereji wa paa umezikwa huko tangu harusi yetu.

Basi Jumatano ikalia ting, ikalia kra-chak, na Alhamisi, na Ijumaa. Sikuvuta tena blanketi. Nilikuwa nahesabu. Unywele mmoja zaidi. Unywele mmoja zaidi.

Jumapili baada ya kanisa mama mkwe wangu, Oleta, alikuja kula. Huyu ndiye aliyeketi kwenye redio ya kituo cha polisi kwa miaka ishirini na minane. Hakuna polisi wa rika la Dwight ambaye hakuwahi kutumwa kwa sauti yake. Alipostaafu alibaki na desturi moja: hubeba kile wanachobeba polisi. Si yeye peke yake. Duka la silaha la mjini kwetu, swali la kwanza la kila mteja ni hilo, polisi wanatumia nini? Walipokuwa na zile risasi nene, nusu ya mji ilibeba nene. Aprili walipohamia milimita tisa, nusu ya mji ikahama nao, na Oleta akiwa mbele ya foleni. Bastola ile ile, risasi za sanduku lile lile.

Nilikuwa nimepika maharage na mkate wa mahindi, na kabichi ya siki aliyoileta mwenyewe. Hakuwa amemaliza hata kukunjua kitambaa chake cha mikono alipoanza nami.

"Bado unatembea na ile chupa yako ya kupulizia?"

"Ya pilipili. Ndiyo, Mama."

"Pilipili huwekwa kwenye kuku, mwanangu."

"Inanitosha. Iko kwenye ufunguo, mkono unaijua."

"Mtu akikujia pale maegesho ya chuo utamuunga?"

Lettie alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Dwight akamwambia mama yake amwache mke wake, kila mtu hubeba anachokiweza. Nikaona mlango umefunguka.

"Mama, yako iko wapi sasa hivi?"

"Kwenye gari, ndani ya kisanduku chake, tupu. Si nimekuja kwa mjukuu wangu?"

"Huwa unaitoa risasi mara nyingi?"

"Kila inapobidi. Asubuhi naenda kuwasomea watoto shuleni, naitoa. Nikitoka naiweka. Posta, naitoa. Mahakamani nikienda kusalimia wenzangu, naitoa. Sheria ni sheria." Alisema kwa fahari, na fahari ile ilikuwa halali yake.

"Na ya juu ni ile ile siku zote?"

"Kwani ziko ngapi za juu?"

Nilimtazama Dwight. Alikuwa ameacha kutafuna.

Aliinuka, akachukua funguo za gari la mama yake, akaenda uani. Aliporudi alikuwa na risasi mbili kiganjani. Nilimsogeza Lettie kwenye mkeka. Mikono yake ilikuwa imeshakwenda nyuma yenyewe. Nikaleta kalipa. Ya pili, iliyokuwa chini, ilisoma ishirini na nane na pointi nne. Ya juu ilisoma ishirini na sita na pointi tisa. Haikuhitaji hata kupimwa. Kichwa kilikuwa kimezama kwenye ganda kama kobe aliyeogopa.

Dwight aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama. Hii usiipige."

"Kwa nini nisiipige? Si ndiyo ile ile ya polisi?"

"Ndiyo," akasema. Kisha akasema tena polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa jina lake. "Ni ile ile ya polisi."

"Na yako ikoje?" Oleta akauliza.

Dwight alikwenda kwenye kabati, akashusha kisahani, akaiweka ya kwake kando ya ya mama yake. Zilikuwa zimesimama pamoja mezani, kati ya maharage na siagi, mama na mtoto, wote wawili wafupi.

"Wiki nzima mke wangu ananiambia," akasema.

"Na wewe?"

"Nilimwambia nikipata nafasi."

"Ah," Oleta akasema, "kama baba yako." Akanigeukia mimi na kunisogezea kipande kikubwa cha mkate, kile cha pembeni chenye ukoko, ambacho katika nyumba yetu hapewi mtu hivi hivi.

Jumatatu Dwight alizibeba zile mbili ndani ya kichupa cha vidonge, pamoja na ukurasa niliouchana kwenye daftari. Alinisimulia jioni, hata koti hajavua. Sajenti Eversole aliusoma ule ukurasa akiwa amesimama, akauliza nani ameandika. Kisha akafunga mlango wa chumba cha mapumziko na kumwambia kila polisi atoe risasi yake ya mbele. Walikuwa kumi na tisa. Saba walikuwa na fupi.

"Unajua hao saba ni akina nani?" Dwight aliniuliza.

"Nani?"

"Wote wana watoto wadogo."

Nilikaa kwenye kiti. Niliwawazia wanawake wengine sita, mabonde mengine sita, kila mmoja na kisahani chake au bakuli au kopo la sarafu, kila mmoja amesema mbele ya mtoto anayejifunza kutembea maneno yale yale niliyoyasema mimi. Hapakuwa na mzembe hata mmoja.

Sajenti hakuwakataza kutoa risasi. Alileta kalamu nyeusi za wino usiofutika, akagawa. Risasi ikikokiwa, inachorwa mstari mmoja kwenye kitako. Mara ya pili, mstari wa pili. Ikiwa na miwili haipandi tena, inakwenda kwenye kopo, na siku ya mazoezi inarudishwa kituoni, wao watajua la kuifanyia. Oleta alipewa kalamu yake mwenyewe. Aliifunga kwa uzi ndani ya mkoba na sasa anawaelekeza wazee wa posta, kwa sauti ile ile ya redio.

"Amesema jambo jingine," Dwight aliongeza, akifungua vifungo. "Ukimaliza kozi upite kumwona. Kaunti inatafuta mtu wa kuangalia silaha mara moja kwa mwezi. Mtu wa kupima."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia utakwenda." Akavua koti. "Si nikipata nafasi. Utakwenda."

Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya daftari, ulipokuwa ule ukurasa niliouchana.

Theluji ya kwanza ilianguka wiki iliyofuata. Niliamka kabla ya ting, nikaenda jikoni kumchemshia kahawa kwa sababu barabara zingekuwa mbaya. Dwight alikuwa amesimama mezani, buti mguu mmoja, akili yake yote iko kwenye daraja la chini linaloganda kabla ya mengine. Nikasikia nyayo ndogo. Lettie alikuja na nguo ya kulalia, nywele zimesimama, akafika kwenye mkeka akasimama, mikono nyuma.

"Rudi ukalale, kipenzi," nikamwambia.

Hakusogea. Alikuwa anamtazama baba yake. Dwight aliiokota risasi kwenye kisahani bila kuitazama, ikalia ting, akaichukua magazini kwa mkono wa pili. Kitako cha ile risasi kilikuwa kimeelekea kwetu, kwenye taa.

"Baba," Lettie akasema, "hiyo ina mistari miwili."