Sikio la Msusi

...na sasa ameitwa daktari wa tatu, kana kwamba sikio limejifungua na linastahili kutembelewa, haya karibuni, msusi anawaza huku shingo imepindwa upande kama kuku aliyekwisha kununuliwa, tazameni vipele vyangu, salamu tutapeana siku nyingine, na yule mama mwenye miwani, daktari wa ngozi, amemshika ukingo wa sikio kwa vidole viwili, anawamulikia wenzake tochi, ni nadra sana hivi, oneni vilivyojipanga kama punje za mtama, na mmoja anasema yeye aliwahi kuviona kitabuni tu, kitabuni, hongera baba, lakini kitabu gani kimemwandika yule bibi harusi aliyeinuka kitini nywele nusu zimesukwa nusu zimetimka, akasema hashikwi kichwa na mgonjwa, na mwenye saluni, mtu walioanza naye wakigombea kiti kimoja, akamvuta pembeni kwa ule upole wa paka, mwenzangu, kwa sasa wewe fua taulo... taulo, mikono hii... na wifi naye asikose neno, akaleta kitunguu saumu, sikio likaungua likavimba kama ngumi, mama akasema ni hereni za bei poa, kila mtu na lake, sikio moja wasemaji kumi, na hapa ndio kabisa, wanaongea juu ya kichwa chake kama juu ya meza, hatari hakuna, anasema daktari, wala haviambukizi, kisha huyo anarudi kwenye unadra wake... ngoja, rudi hapo...

"Daktari, umesema haviambukizi?"

"Hata kidogo. Tulia kwanza, usigeuke."

...ametulia, hageuki, haviambukizi, na yeye ametenga taulo, ametenga mto, na binti yake akija mbio kumnong'oneza siri za shule anamzuia kwa kiganja, semea huko huko, mpaka mtoto akazoea kusimama mlangoni na kutangaza mambo ya kunong'onwa, halafu akaacha, siku hizi akiulizwa habari za shule anasema nzuri, basi, nzuri, na tochi bado inamulika, wa tatu anainama kutazama, mwache atazame, bibi harusi na aolewe salama, saluni tutaongea, lakini huyu mtoto ataanziwa wapi, siri za mtoto hazingoji, labda zimeshapata sikio jingine, labda leo amwite tu kitandani, mto mmoja, asiulize kitu, alaze kichwa, sikio hili hili limwelekee mtoto, angoje...